Kaburi Chini ya Uwanja wa Ndege

Sehemu ya Tisa: Bwana Harusi Sandukuni

Wiki iliyopita tulimwacha Pyo Sun-rye amepiga magoti ukingoni mwa kaburi la mumewe, na ndani ya kaburi hamna kitu. Bado yupo pale pale. Sketi imeshalowa umande mpaka mapajani.

Kuna msomaji ameniandikia kunitukana kwamba nina roho mbaya, nilikata hadithi mahali pabaya. Ndugu yangu, subiri umalize ya leo ndipo uniandikie.

Mikononi Sun-rye alikuwa na kitambaa cha katani alichokishona mwenyewe kwa miezi mitano. Kilikuwa cha kufungia mifupa ya mumewe, Gwak In-seop, aliyekufa miaka kumi na minne iliyopita. Alitaka akamzike upya bara, na siku yake mwenyewe ikifika alazwe ubavuni pake. Basi. Hakutaka nyumba wala shamba la chumvi. Alitaka mume wake na nafasi ya mtu mmoja kando yake.

Kisiwa kizima cha Yeongjong kilikuwa kinafukuliwa mwezi ule. Uwanja wa ndege wa zamani, wa Gimpo, ulikuwa umeshafurika wageni tangu ile Olimpiki ya Seoul, serikali ikataka uwanja mpya, na wakubwa walipotazama ramani wakaona visiwa viwili na bahari ya matope katikati. Wakasema ijazwe. Bahari haijazwi kwa maneno, inajazwa kwa vilima, na vilima vya kwetu ndimo wanamolala wafu wetu.

Amri ilisema makaburi yawe yameondoka kabla Oktoba haijaisha. Watu wakakubali, lakini wakangoja mwezi wa ziada wa kalenda ya wazee, ule ambao mizimu haiuhesabu na mtu anaweza kugusa kaburi bila kuandamwa na mkosi. Kwa hiyo kisiwa kizima kikaja kuchimba kwa mpigo. Wachimbaji wa mifupa walikuwa hawalali.

Mmoja wao, Mzee Maeng, alikuwa akipita na koleo begani. Alimwona Sun-rye akasimama.

"Mbona umechelewa, mwanangu? Ukoo wa Gwak walimchukua mtu wao jana asubuhi. Mama mkwe wako na shemeji yako. Sikuwachimbia mimi, lakini niliwaona wakishuka na sanduku."

"Mama aliniambia ni leo."

Mzee Maeng akakuna kidevu. Alikuwa na neno lingine na halikutaka kutoka. Mwishowe akasema kwamba aliwaona wakitia sandukuni nyuzi mbili, mwekundu na wa bluu, na yeye katika miaka yake yote hajaona nyuzi za rangi hizo kwenye maziko.

"Zinatiwa kwa nini?"

"Kwa harusi," alisema mzee, na akaenda zake.

Sun-rye hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu kijana akifa bila kuoa, roho yake inakuwa sumbufu, basi wazazi humtafutia marehemu mwenzake. Wanawaozesha wafu wawili mbele ya mganga, wanawazika pamoja, walio hai wanalala usingizi. Ni jambo jema na limetuliza mama wengi. Lakini In-seop hakufa bila kuoa. Mke wake ndiye huyu aliye hapa, na kitambaa chake mkononi.

Alishuka kilima akikimbia.

Uani kwa mama mkwe alikuta turubai limefungwa, meza imejaa, chapati za choroko, samaki wa kuchoma, lozi na matunda ya persimoni yamepangwa minara minara. Mganga wa kike alikuwa anajaribu ngoma yake. Mezani wamekaa wanasesere wawili wa majani ya mpunga, wa kiume kavaa bluu na wa kike kavaa nyekundu, na mbele ya kila mmoja kuna picha.

Picha ya bwana harusi Sun-rye aliijua. Ilikuwa picha ya harusi yake yeye. Wameikata kwa mkasi, ila mkasi haukwenda sawa, na pembeni ya In-seop lilikuwa limebaki bega moja la bibi harusi. Lilikuwa bega lake.

Kabla hajapata pumzi, mkono ulimvuta jikoni. Bibi Noh, mama mkwe, ana miaka sabini na mbili na magoti mabovu, lakini vidole vyake vikikushika utafikiri koleo la fundi chuma.

"Umefika. Vaa aproni, wageni wana njaa."

"Mama, mnafanya nini?"

"Namwozesha mwanangu."

"Mwanao ana mke."

"Nenda ofisi ya kata ukaulize."

Hapo ndipo kisu kilipoingia. Sun-rye hakuwa ameandikishwa. Wakati ule watu wengi walifanya hivyo: harusi inafungwa leo, mnakula, mnacheza, lakini jina la mke linapelekwa kata tumbo likishajibu. Bibi Noh mwenyewe ndiye aliyemwambia asiwe na haraka. Tumbo lilijibu mara moja, mtoto akazaliwa hana pumzi. Mwaka uliofuata In-seop alikuwa matopeni akichimba chaza, ukungu ukashuka, maji yakajaa, asirudi mzima. Nani angekumbuka ofisi ya kata siku zile?

Miaka kumi na minne tangu hapo Sun-rye amemwogesha bibi huyu, amemkanda magoti, amempikia uji. Kwenye daftari la serikali ni mwanamke aliyekuwa akipita njia.

Bibi Noh hakuona haya kueleza. Mgeni mkubwa pale nje alikuwa Bwana Tak, mwenye malori yanayomwaga udongo baharini kwa ajili ya uwanja wa ndege. Binti yake alikufa bila kuolewa, na tangu siku hiyo mke wa Bwana Tak anaamshwa na ndoto. Walitafuta marehemu mwenye nyota inayolingana na ya binti yao, wakaangukia kwa Gwak In-seop, kapera kwa mujibu wa karatasi. Harusi ikipita, Tae-seop, mtoto mkubwa wa Bibi Noh, anakuwa msimamizi wa malori yote ya tuta la kaskazini. Asubuhi hiyo alikuwa ameshatangulia bara kusimamia kaburi jipya.

"Aliye hai anahitaji kazi," alisema bibi. "Mfu anahitaji nini?"

Sun-rye aligeukia mlango. Akasema atatoka sasa hivi, atawaambia wageni wote yeye ni nani.

"Toka. Ukinyamaza, nitakuonyesha alipolala, na kila vuli utakwenda kumfyekea majani kama ulivyozoea. Ukifungua mdomo, nampeleka tanuruni leo hii, achomwe, majivu nimwage majini. Mimi ndiye mama yake. Kwenye karatasi wewe ni nani?"

Msomaji wa leo unaweza kusema, kuchomwa kuna nini, siku hizi wote tunachomwa. Mwaka ule, kisiwani kwetu, waliochomwa ni wale wasio na mtu. Sun-rye alikuwa radhi achomwe yeye kabla ya In-seop.

Akavaa aproni.

Ee bwana, kuna kazi duniani. Alibeba supu. Alimimina pombe ya mchele bakuli baada ya bakuli. Mganga akaimba, wanasesere wakainamishwa kusalimiana, na ilipofika zamu ya kinywaji cha maharusi, Bibi Noh akamwashiria yeye amimine. Sun-rye alimmiminia mume wake kikombe cha harusi, akammiminia na mke mwenziwe. Mkono haukumwaga hata tone. Alishangaa mwenyewe.

Bibi Noh aliwaambia wageni huyu ni mpishi wetu, mwanamke wa hapa jirani, hana kwao.

Ikawa mke wa Bwana Tak ndiye aliyeharibu. Mama huyu hakuwa na ubaya. Macho yalikuwa yamemvimba, chakula hakijamgusa mdomo, na kila mara alikuwa akimtazama yule mwanasesere mwekundu. Sun-rye alipoinama kuondoa bakuli, mama huyo alimshika kiwiko.

"Dada, wewe ni wa hapa. Huyu kijana ulimfahamu?"

"Nilimfahamu, mama."

"Alikuwa mtu wa namna gani? Nataka kujua nampa nani mtoto wangu."

Bibi Noh alikuwa upande wa pili wa meza, kakaza macho. Sun-rye angeweza kusema alikuwa mtu mzuri, akaenda zake. Hata yeye alidhani atasema hivyo.

"Mtu wa maneno machache," alisema. "Hagombani. Ukimpikia vibaya anakula na kusema asante. Usiku hugeukia ukutani, na miguu yake ni ya baridi mwaka mzima. Mwambie binti yako asichukie kwa hilo. Aifunike tu."

Mke wa Bwana Tak alimwachia kiwiko polepole. Bwana Tak akaacha kutafuna.

"Mpishi amejuaje miguu ya bwana?"

Bibi Noh alicheka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. Akasema huyu ndiye aliyekuwa akimfulia soksi, na soksi husema mengi, jamani. Wageni wawili watatu wakacheka naye. Bwana Tak hakucheka. Mkewe hakumwondolea Sun-rye macho.

Dakika ile ile bibi akamsukuma Sun-rye nyuma ya pazia, kwenye kona lilipowekwa sanduku la mifupa. Alimnong'oneza kwa sauti iliyojaa sumu kwamba amfunge kwa kile kitambaa chake cha katani, kwa kuwa ni kizuri na itakuwa hasara kukitupa, kisha atokee mlango wa nyuma asionekane tena mpaka wageni waondoke.

"Ona nilivyo na huruma," alisema. "Nakuachia umshike."

Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Sun-rye alifunua karatasi. Machozi yalikuwa yanamtoka kiasi kwamba mwanzo hakuona. Aligusa fuvu. Alitandaza kitambaa, akaanza kupanga kama tunavyopanga, kichwa, mikono, mbavu, nyonga. Alipofika miguu akachukua mfupa wa muundi wa kulia, akaupitisha kiganjani.

Ulikuwa laini kutoka juu mpaka chini.

Akachukua wa kushoto. Nao ulikuwa laini.

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, mlango wa ghala la chumvi ulimwangukia In-seop ukamvunja muundi wa kulia. Alilala miezi mitatu, Sun-rye akimuuguza, na mfupa ukaunga vibaya, ukaacha nundu kubwa ambayo hata juu ya suruali ilionekana. Nundu ile hakuna tope la kuisawazisha.

Huyu hakuwa In-seop.

Alikaa chini taratibu. Akafikiri, na alipofikiri akaanza kucheka bila sauti, mkono mdomoni. Nanyi mngecheka. Kwetu mtoto akimtangulia mzazi, amemkosea adabu, na mzazi hakanyagi kaburi lake. Kabla ya jana Bibi Noh hakuwahi kupanda kilima kile hata mara moja. Tae-seop naye, ndugu yake alipokufa, alikuwa jangwani Saudia akijenga barabara. Kwenye kilima vilikuwepo vichuguu viwili vya makaburi vilivyokaribiana, havina jiwe wala jina. Ni mtu mmoja tu aliyejua kipi ni kipi, yule aliyekwenda kufyeka kila vuli, na huyo ndiye waliyemdanganya tarehe. Wakachagua kwa kukisia, wakakosea. Pale nje walikuwa wanamwozesha binti wa Bwana Tak kwa mtu asiyejulikana hata jina.

Acha waozeshe. Kwa dakika nzima Sun-rye alikuwa na furaha mbaya ya mtu aliyeona adui yake anakunywa maji ya mtaro akidhani ni supu.

Halafu kicheko kikamfia.

Kama familia ilichukua kaburi la jirani, nani alifungua lile la In-seop? Maana asubuhi ile yeye mwenyewe alipiga magoti kando ya shimo, na lilikuwa tupu.

Jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza. Kaburi ambalo halikudaiwa lilichomekwa kibao chekundu, muda ukipita vibarua wa mradi wanalifukua, na mifupa inapelekwa bara kwa feri ya saa sita mchana, moja kwa moja tanuruni. Wanachomwa pamoja, wote wasio na mtu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu.

Aliirudisha mifupa sandukuni, akatoka mlango wa nyuma, na aproni yake kiunoni, akakimbia mpaka gatini.

Karibu na gati palikuwa na kibanda cha ofisi, na mbele yake bango kubwa kuliko kibanda chenyewe, limechorwa uwanja utakavyokuwa: paa la kioo, bustani ndani ya jengo, mikanda ya mizigo, njia za kurukia ndege zilizonyooka juu ya mahali ambapo siku hiyo chaza walikuwa bado wanapumua. Wewe uliyepita pale juzi na sanduku lako la magurudumu, ukaoga maji moto, ukanywa kahawa ukingoja ndege, ulisifu usafi wake. Una haki ya kusifu. Ni uwanja mzuri.

Chini ya bango yalipangwa makasha ya plastiki, kila moja na namba yake. Yako mengi.

Karani alikuwa kijana wa Seoul aitwaye Shim, mpole, viatu vyake vimejaa matope na hakulalamika. Sun-rye alimwambia mahali kaburi lilipokuwa, upande wa mashariki wa kilima, kichuguu cha pili kutoka msonobari uliokatwa. Kijana akatafuta kwenye orodha, akalipata kasha, akafungua kifuniko kwa heshima ya mikono miwili.

Sun-rye hakuangalia fuvu. Alikwenda moja kwa moja kwenye muundi wa kulia. Nundu ilikuwepo.

Akaushika mfupa ule akaulaza shavuni, hapo hapo mbele ya wabeba mizigo, na akamwambia samahani, samahani, nimechelewa.

Karani Shim alingoja. Alipoona inatosha, akakohoa.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mke wake."

Akamwomba jina la marehemu, akapiga simu kata, akasikiliza, akaandika. Alipoweka simu hakumtazama usoni. Alisema kwenye daftari Gwak In-seop hajaoa, na kwamba anayeweza kumtoa ni ndugu aliyeandikwa. Mama mzazi yupo. Mama aje, au iletwe karatasi hii imegongwa muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemzika."

"Najua, mama. Nakuamini. Ningekupa, kesho mwingine angekuja akasema na yeye ni mke, na mwingine, mifupa hii ingeishia wapi? Nitaliacha kasha hili liwe la mwisho kupakiwa. Zaidi ya hapo siwezi. Feri ni saa sita kamili."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo baya zaidi. Angekuwa katili ungemtukana.

Sun-rye alikunja karatasi akaitia kifuani. Njia ya kurudi ni mlima. Alikimbia mpaka akaonja damu mdomoni.

Alimkuta Bibi Noh peke yake nyuma ya nyumba, kwenye mitungi ya kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili, akipakua ya kuongeza mezani. Sun-rye akamweleza yote kwa pumzi moja: mmekosea kaburi, huyo mliye naye si In-seop, In-seop yuko gatini, saa sita anakwenda kuchomwa. Gonga muhuri hapa, mama. Muhuri tu. Harusi yako endelea nayo, sitasema neno, huyo wa sandukuni azikwe na binti wa watu, mimi nipe huyu mwenye nundu.

Angalia, msomaji, alivyoshuka. Asubuhi alitaka haki yake. Sasa anataka muhuri.

Bibi Noh aliendelea kupakua. Alipanga majani ya kabichi kwenye sahani, akafuta kidole.

"Una hakika ni yeye?"

"Nimeushika mguu wake, mama."

"Basi ndiyo bahati yake." Alifunika mtungi. "Mifupa ni mifupa. Huyu wa hapa ameshaoa, mganga ameshasema, mbingu zimeshasikia. Huyo mwingine akija, nitamwambia nini Bwana Tak? Kwamba nina wana wawili kwa jina moja?"

"Ni mtoto wako."

"Alinitangulia. Mtoto anayemwacha mama yake azeeke mikononi mwa mtu baki ni mtoto gani?"

Sun-rye akapiga magoti matopeni, akamshika pindo. Hakulia. Alimkumbusha usiku wa kiharusi, alipombeba mgongoni mpaka zahanati. Alimkumbusha magoti yale anayosimamia sasa, nani aliyeyakanda. Akasema hajawahi kudai chochote, na hatadai tena.

Bibi Noh alimtazama. Kitu kikapita usoni mwake, na Sun-rye, masikini, akadhani ni huruma.

"Mke wa Tak amekushuku," alisema bibi. "Yale maneno yako ya miguu. Hawajagusa chakula tangu uondoke, mume anataka kumrudisha binti yake nyumbani. Nenda mbele yao. Msujudie bibi harusi, mara mbili, paji la uso chini. Useme wewe ni mtumishi wa nyumba hii na huyu ni bibi yako. Wakiridhika, nitakugongea."

"Utagonga?"

"Nikuapie?"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

Alikwenda. Alijipangusa matope, akasimama mbele ya meza, mbele ya mwanasesere mwekundu na picha ya msichana mwenye mashavu ya mviringo. Wageni wakageuka. Akashuka goti moja, la pili, akalaza viganja, akagusa ardhi kwa paji la uso. Akasimama. Akashuka tena. Kule chini, uso mavumbini, alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba yeye ni mtumishi wa nyumba ya Gwak, na huyu ni bibi yake, mke wa bwana In-seop, na kwamba bwana hakuwahi kuwa na mke mwingine.

Maneno yale ya mwisho hakuambiwa ayaseme. Aliyaongeza mwenyewe, ili kusiwe na kisingizio.

Mke wa Bwana Tak alishusha pumzi. Akachukua vijiti, akala kipande cha samaki, cha kwanza tangu asubuhi. Mumewe akampongeza Bibi Noh kwa nyumba yenye adabu.

Sun-rye alinyanyuka, akangoja karibu robo saa mpaka mama mkwe alipotoka mezani, akamfuata kando ya ukuta, akatoa karatasi kifuani, akaikunjua kwa mikono miwili.

"Tayari, mama."

Bibi Noh alikuwa anatabasamu kuwaelekea wageni. Alisema bila kugeuza kichwa.

"Muhuri anao Tae-seop. Alikwenda nao bara alfajiri, kuandikisha ndoa."

Sun-rye hakuelewa. Akasema mama, umesema utagonga. Bibi Noh akasema ndiyo, atagonga, Tae-seop akirudi jioni. Akaongeza kwamba Sun-rye hana haja ya kuhangaika, moto hauchagui, na huko aendako hatakuwa mpweke.

Kutoka gatini feri ikapiga honi. Ilipiga mara ya pili, ndefu, kama kawaida yake inapoondoka.

Sun-rye alisimama na karatasi mkononi mpaka sauti ile ikaisha. Aliitazama saa, akautazama mteremko mrefu wa kurudi gatini, akajua hawezi kufika hata angekuwa na miguu ya farasi. Akaikunja karatasi mara mbili na kuidondosha. Hakukuwa na kitu tena ambacho bibi huyu angeweza kumnyang'anya, na ilimchukua muda kidogo kulielewa jambo hilo.

Alipolielewa, alivua aproni.

"Noh Ok-bun," aliita.

Ngoma ya mganga ikakosa mdundo. Kwetu hata mume hamwiti mama wa watu jina lake namna ile, sembuse mke wa mtoto, sembuse mpishi. Bibi Noh aligeuka, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne alionekana mzee.

Sun-rye alipita mbele yake, akalivuta pazia la kona likaanguka chini lote, akalibeba lile sanduku na kuliweka mezani, katikati ya lozi na persimoni, mbele ya mke wa Bwana Tak.

"Mama," alimwambia, "uliniuliza unampa nani mtoto wako. Nimekudanganya. Mimi ndiye mke wa Gwak In-seop, bega langu hilo hapo kwenye picha. Na aliyemo humu ndani si yeye. Muulize huyu bibi, aliyemo ni nani."

Bwana Tak aliweka bakuli lake chini, akafuta mdomo, akasimama. Akamwambia dereva wake afunge lango.